Kisasi cha Ukurasa wa Mwisho

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika, maana ilikuwa majira ya mitihani. Wanafunzi walibanana kwenye kaunta, mashine mbili zilitema karatasi za moto, na mwenye duka alipokea maagizo kwa masikio yote mawili huku akimjibu mtu wa tatu kwa nyusi. Katikati ya msukumano huo alisimama dada mmoja mwenye sketi ya kijani kibichi na raba nyeupe zilizokwisha kukanyagwa, shingo kainyoosha, macho hayabanduki kwenye mashine ya pili. Mashine hiyo ilikuwa ikinakili mswada wake wa kwanza, na hakuwa tayari kuuona ukichanganyika na maswali ya baiolojia ya mtu.

Walimpa jina la Wembe tangu akiwa darasani, kwa sababu ya ulimi wake. Shule iliisha, jina likabaki palepale.

Mara mashine ikakwama. Mwenye duka aliifungua tumbo, akavuta kwa nguvu, karatasi zikamwagika miguuni mwa watu. Wembe aliinama kuokota huku akiapa kumfanya kilema yeyote atakayekanyaga. Alipoinuka, ukurasa mmoja ulikuwa mkononi mwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono, kalamu nyekundu imechomekwa nyuma ya sikio. Alikuwa anausoma. Midomo yake ilitembea, kisha akacheka peke yake, kicheko kizito cha kutoka tumboni.

“Nipe karatasi yangu,” alisema Wembe.

“Nimebakiza mistari mitatu.”

“Hukualikwa kusoma.”

“Ndiyo maana nasoma haraka.”

Wembe alinyoosha mkono kunyakua. Kijana aliiinua karatasi juu kidogo, si kwa uchokozi, ila kama mtu asiyetaka kukatizwa utamu, akaimalizia kwa sauti. Hapo foleni nzima iligeuka. Ilikuwa sauti ya kusomea taarifa ya habari, pana na safi, kila neno limepigwa pasi. Wasichana waliokuwa wakigombania nafasi kwenye kaunta waliacha kusukumana.

“Huyu binti anamjibu mvulana hivi, mbele ya paredi nzima?” aliuliza.

“Una tatizo naye?”

“Ninalo moja tu. Ukurasa unaofuata uko wapi?”

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Kijana alifanya kazi ya kusoma prufu, kurasa za majaribio za kitabu kabla hakijachapwa, katika nyumba moja ya uchapishaji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Wenzake walimwita Redio, na ukimsikia huulizi kwa nini. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Prufu ya mwisho ya kila kitabu haikusomwa kimyakimya. Watu wawili walikaa chumbani, kila mmoja na nakala yake. Mmoja alisoma kwa sauti, neno kwa neno na alama zote, nukta hadi mkato, mwingine alimfuata kwa kalamu. Redio alikuwa amesoma hivyo miaka mingi hata alama zikamwingia kwenye damu. Wembe alipoligundua hilo, simu zao zikawa za wehu.

“Umeamka alama ya kuuliza,” alikuwa akisema Redio asubuhi.

“Nimeamka nukta.”

“Nimekuota mkato nikakukosa mkato nikaamka na njaa.”

“Hapo ungemalizia na alama ya mshangao.”

“Mimi mtu mzima, mpenzi. Sishangai ovyo.”

Wembe alicheka hadi shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, akasimamisha mashine na kuuliza kama kuna mtu anatekenywa humo ndani.

Mswada wenyewe uliitwa *Sitaki Pole*. Wembe aliuandika kwa hasira ya siku nyingi. Alipokuwa na miaka kumi na sita alisoma kila hadithi ya mapenzi iliyomfikia, na katika zote msichana wa umri wake alikuwa ama analia, ama anagombania mvulana na rafiki yake, ama amezirai. Yeye na wenzake bwenini walikuwa wanapenda, ndiyo, tena wanapenda vibaya sana, lakini pia walikuwa wanapiga hesabu, wanatunza siri, wanachekana, wanakasirika na kubaki na hasira zao. Basi akamwandika binti wa miaka kumi na saba ambaye mpenzi wake anamsingizia mambo machafu kwa wavulana wenzake. Shule nzima inangoja alie. Binti anamsimamisha kwenye paredi, anamtaka arudie maneno yake mbele ya watu, na mvulana anashindwa. Katika sura ya mwisho mvulana anakuja getini kuomba radhi. Binti anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anakwenda zake kufanya mtihani.

Redio aliipenda sura hiyo mno. Alimsomea Wembe kwenye simu huku mikono yake mwenyewe ikiwa na povu la vyombo. Alimsomea wakipanda ngazi za ofisini. Siku Wembe alipoamka na kisirani, Redio hakumbembeleza, alimsomea mwisho wa kitabu chake mwenyewe, na kisirani kikayeyuka. Ni yeye pia aliyeupeleka mswada kwa Mkurugenzi, mwanamume mwenye tai pana na mkono laini, ambaye aliusifu kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Mwisho, alisema, ni mkavu. Wasichana wanapenda machozi. Wembe alimjibu kwamba akitia chozi hata moja, yeye anachukua mswada wake na kuondoka. Mkurugenzi alicheka, akasema basi, yameisha.

Siku ya prufu ya mwisho, mama aliyezoea kushika kalamu alikuwa kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo Wembe akaruhusiwa kukishikia kalamu kitabu chake mwenyewe. Walikaa chumba chembamba chenye feni moja, chini yao vioo vikilia vikikatwa. Redio alisoma, Wembe alifuata. Walipofika sura ya mwisho macho ya Wembe yalikuwa mekundu. Redio alimwangalia, akatabasamu.

“Weka kalamu chini,” alisema. “Hii funga macho, sikiliza tu. Hii ni ya kwako.”

Wembe aliweka karatasi mapajani, akafumba macho. Alisomewa sura yake kama mtu anayepakwa mafuta. Alipofumbua, wote wawili walitia saini, wakashuka wameshikana mikono. Wiki iliyofuata Redio akapandishwa cheo, akawa mhariri msaidizi. Hakujua amefanya nini cha ajabu, ila cheo ni cheo. Wakaenda kunywa soda mbili kila mmoja kwa furaha.

Kisha vitabu vikatoka.

Boksi liliwasili nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Jalada lilikuwa zuri, jekundu, na jina la Wembe chini yake. Shangazi alinyakua nakala ya kwanza. Alikuwa na tabia ya kuanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho, ajue kama safari ina maana, kisha arudi mwanzo. Alisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

“Mwanangu,” alisema taratibu, “huyu binti wako mbona kanyeshewa, kapiga magoti, anaomba radhi?”

“Umeshika kitabu kingine, shangazi.”

Shangazi aligeuza kitabu kuangalia jalada. “Nimeshika hiki chenye jina lako.”

Wembe alikichukua huku anacheka. Kicheko kilimfia mdomoni. Maandishi yalikuwa haya: *Mvua ilimwagika. Binti alianguka miguuni pake, machozi yakimtiririka kama mto. “Nisamehe kwa kiburi changu,” alilia. Naye akamwinua kwa mikono yake yenye nguvu, akamfuta machozi, na binti akajua sasa amekuwa mwanamke.*

Alikaa juu ya rundo la vitambaa visivyokatwa. Masikio yalimziba. Alichosikia ni sauti moja tu, ile pana na safi, ikimwambia afunge macho. Redio alikuwa na karatasi hii mkononi. Alikuwa anaiona. Akamfumbisha macho kama mtoto anayekaribia kuchomwa sindano, akamsomea maneno mengine, akampa kalamu atie saini. Na wiki iliyofuata akapewa cheo.

Shangazi alisema jambo la busara, kwamba amwendee Mkurugenzi, kwani ndiye mwenye nyumba.

“Bosi ni adui, shangazi. Adui kazi yake inajulikana, zamu yake itafika. Huyu mwingine alinishika mkono tukishuka ngazi.”

“Basi kamuulize yeye.”

“Simuulizi kitu. Siku ya uzinduzi wa kitabu nataka asimame mbele ya wasichana mia na zaidi, asome kwa mdomo wake huo uchafu, halafu mimi nishike kipaza sauti. Nikimaliza naye, hata kuita abiria stendi hatataka tena.”

Shangazi alikata uzi kwa meno. Kisha akauliza atavaa nini.

Wembe alitaka gauni la kumchoma mtu macho. Shangazi alimshonea la rangi ya zambarau iliyoiva, mabega wazi, kiuno kimebanwa, mpasuko mmoja unaoonekana pale tu anapotembea. Wakati wa kupima Wembe alilalamika kwamba hapumui. Shangazi, pini mdomoni, alimwambia gauni la kulipiza kisasi halina nafasi ya pumzi, achague moja.

Uzinduzi ulipangwa katika ukumbi wa shule moja ya wasichana, na nakala zilitangulia ili wasome kwanza. Katika siku hizo za kungoja, Wembe hakununa. Kununa ni kumpa mtu onyo. Alikuwa mtamu kuliko alivyowahi kuwa. Alipokea simu mlio wa kwanza. Alimwita mpenzi, alimwita roho, alimsifia shati ambalo zamani alilifananisha na pazia la hospitali. Alimwomba kwa sauti ya kitoto awe yeye atakayesoma sura ya mwisho jukwaani, maana nani mwingine ana sauti ile.

“Nitasoma,” alisema Redio. “Wembe, nimekukosea nini?”

“Kwa nini, mpenzi?”

“Siku nne hujanitukana. Naogopa.”

“Nimekua, roho yangu.”

“Rudi ulivyokuwa,” alisema, na hakuwa anatania sana.

Alipokata simu, Wembe aliendelea kukariri hotuba yake mbele ya kioo. Aliipunguza, akaiongeza makali, akaipima kama shangazi anavyopima kitambaa. Alitafuta mahali panapouma akakumbuka kuwa Redio alimwambia siri moja: mama yake alimlea kwa kufua nguo za watu, na alimwapisha asiinamie mtu yeyote kwa ajili ya tonge. Alilitia hilo kwenye hotuba. Likakaa vizuri. Alipolisema kwa sauti, kioo kilimtazama vibaya, naye akakigeuzia mgongo.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa sketi za bluu na soksi nyeupe, feni za darini zikizunguka bila kusaidia. Kila msichana alikuwa na kitabu. Mstari wa mbele walikaa mwalimu mkuu, mwanamke mnyoofu mwenye hereni ndogo, na Mkurugenzi na tai yake. Wembe alipoingia na lile gauni ukumbi ulishusha pumzi, na Redio, aliyevaa shati jipya la kijivu na viatu vilivyong'arishwa, alisahau kufunga mdomo. Wembe alimtabasamia. Ndani yake alikuwa anahesabu hotuba.

Hakujua jambo moja. Redio hakuwa amekifungua kitabu. Wasomaji prufu hawafungui kitabu kilichokwisha kuchapwa, ni mwiko wao, kwa sababu kosa la kwanza utakaloliona halirekebishiki tena, nalo litakula usingizi wako. Nakala yake ilikuwa bado kwenye karatasi ya dukani, inangoja saini ya mwandishi. Aliifungua hapo jukwaani, kwenye ukurasa wa mwisho, akaishika kifuani kwa heshima kama wasomaji wa redioni wanavyoshika. Kisha akainua uso, akamwangalia Wembe, akaanza.

“Mvulana alisema yote aliyokuja nayo. Alisema amekosa, alisema marafiki walimchochea, alisema hapati usingizi. Binti hakumkatiza. Alipokwisha, alirekebisha mkoba begani. ‘Nimekusikia,’ alisema. ‘Sasa nipishe, nina mtihani.’”

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye majani makavu. Kurasa zilifunuliwa mbele, zikafunuliwa nyuma. Redio alidhani wameguswa, akaendelea kwa hisia zaidi, macho yakiwa kwa Wembe, hayajashuka kwenye karatasi hata mara moja. Msichana mmoja mwembamba mwenye miwani, katikati ya ukumbi, akainua mkono na kusimama kabla hajaruhusiwa.

“Samahani, kaka. Unasoma ukurasa gani?”

“Wa mwisho.”

“Hayo unayosoma hayamo.”

Redio alitabasamu, akifikiri anataniwa. Akashusha macho. Wembe, aliyekuwa amekwisha kusogea karibu na kipaza sauti, aliuona uso wake ukibadilika, na hakuna mtu duniani anayeweza kuigiza vile. Kwanza hakuelewa. Kisha akasoma mstari wa mvua. Kisha wa magoti. Akageuza kitabu kuangalia jalada, kama shangazi alivyofanya, kuhakikisha hakushika kingine.

Wembe alikiacha kipaza sauti, hotuba haijatoka. Mtu huyu alikuwa ameikariri sura yake ya mwisho. Siku ile chumbani hakuwa anaangalia karatasi, alikuwa anamwangalia yeye. Na karatasi ya pili ilikuwa wapi? Mapajani mwake mwenyewe, Wembe, kalamu pembeni, macho kayafumba. Wote wawili walikuwa na uchafu ule mikononi, na wote wawili wakautia saini, mmoja kwa kuangalia mpenzi, mwingine kwa kusikiliza.

Redio alifunga kitabu.

“Bosi,” alisema, bila kipaza sauti, na hakukihitaji. “Haya umeandika wewe?”

Mkurugenzi alisimama, akanyoosha tai. Alisema kwa upole kwamba ni marekebisho madogo ya kihariri, kwamba yeye analijua soko, kwamba wazazi wasingefurahi, kwamba wasichana wa umri huu wana mioyo laini na hupenda kulia kidogo. Akamalizia kwa kucheka kwamba hata msomaji prufu mwenyewe aliipitisha sura hiyo bila swali, tena akatuzwa kwa uelewa wake.

“Kumbe ndiyo sababu ya kile cheo,” alisema Redio. “Mimi nilidhani nafanya kazi vizuri. Nimekirudisha, bosi. Hapa hapa, mashahidi ni hawa.”

Hapo hasira ya Wembe, iliyokuwa imekosa mtu wa kumshika, ilimpata mwenye kuistahili. Alishika kipaza sauti. Hakupaza sauti wala hakutukana. Alisema kwamba katika uzinduzi, kila mwandishi husoma alichoandika. Yeye ameandika kurasa zote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Mwandishi wa ukurasa wa mwisho yupo ukumbini, karibu jukwaani, mzee.

Mkurugenzi alisema hakuna haja. Mwalimu mkuu alimvutia kiti nyuma, kwa adabu, ili apate kupita.

Akasoma. Alisoma haraka, macho chini, na kila neno lilitoka limevaa nguo ya kuazima. Alipofika kwenye mikono yenye nguvu, hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulimtazama kama watoto wanavyomtazama mgeni aliyevunja kikombe. Alipomaliza, mikono ikaanza kuinuka.

Wa kwanza aliuliza, kwa heshima zote, kosa lilikuwa la mvulana, sasa binti anaomba radhi ya nini. Mkurugenzi alisema ni mambo ya mapenzi. Wa pili aliuliza mvua imetoka wapi, wakati sura iliyotangulia wanafunzi wanapanga foleni ya maji kwa sababu ya ukame. Mwingine alitaka kujua kama binti alifanya mtihani au alikosa. Mwingine akasema wao bwenini walidhani mwandishi aliugua akamalizia mtu mwingine, tena wakamwombea dua. Kisha yule mwenye miwani akasimama tena.

“Mzee, una binti wa umri wetu?”

“Ninaye.”

“Ukimuudhi analia hivi?”

Mkurugenzi alifuta uso kwa leso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana anafikiri. “Wangu ananifungia mlango,” alisema.

“Basi ungeandika mlango.”

Ukumbi ulilipuka. Walicheka mpaka wengine wakalaliana mabegani, na Mkurugenzi akabaki pale juu, leso mkononi, kipaza sauti kikimsaliti kila pumzi. Mwalimu mkuu alipowatuliza, alitangaza kwamba nakala zote zinarudishwa, na shule itapokea nyingine zenye mwisho wa mwandishi mwenyewe, sivyo, mzee. Mzee alisema ndivyo, kwenye kipaza sauti, wakamsikia wote.

Wembe alipaswa kufurahi. Alitafuta shati la kijivu ukumbini, halikuwapo.

Alimkuta nje ya geti, kwenye benchi la saruji. Alikaa pembeni yake kwa shida, maana gauni halikushonwa kwa ajili ya mabenchi. Redio hakumwangalia.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu boksi lilipofika.”

“Na kila siku unaniita roho.”

“Nilikuwa nakunenepesha.”

Redio alicheka kidogo, kicheko kibaya. Alimwambia ilitosha amuulize tu, neno moja. Wembe alisema ndiyo, angemuuliza, naye angejibu, na kwa sauti hiyo yake angemwamini hata kama ni uongo, ndiyo maana hakuthubutu kuuliza.

“Ulikuwa na maneno ya kunisemea pale mbele?”

“Nilikuwa nayo.”

“Yaseme.”

“Redio, tafadhali.”

“Nimesimamishwa kama mbuzi. Angalau nione kisu.”

Akayasema. Alianza kwa kunong'ona, Redio akamwambia apaze kama alivyokusudia. Akamwita tarumbeta la kukodi. Akamwita koo zuri lisilo na mtu ndani. Akasema amemuuza msichana wa miaka kumi na saba kwa bei ya kiti cha kuzunguka. Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Alipofika kwa mama mwenye mikono iliyochubuka na sabuni, aliyemwapisha mwanawe asiiname, alisita. Redio alimwambia amalize. Akamaliza.

Wasichana wa kwanza wakaanza kutoka getini, wakawaona, wakajifanya hawakuwaona.

“Ile ya mama yangu,” alisema Redio, “ungeiacha.”

“Ningeiacha.”

“Hapana. Ungeisema. Hicho ndicho kinachoniudhi.”

Wembe alitaka kukana, ulimi ukakataa. Ni kweli angeisema, tena angengoja iingie. Akamwambia amekosa, hakuongeza sababu wala kumsingizia shetani. Redio alisimama, akajikung'uta suruali. Alisema ameelewa, na kwamba sasa anakwenda kukasirika. Si mzoefu, kwa hiyo hajui itachukua muda gani. Akaondoka kwa miguu, na Wembe, aliyekuja hapo akiwa na ukumbi mzima wa kumzomea mtu, akarudi nyumbani peke yake, mpasuko wa gauni ukionekana kila hatua na hakuna wa kuuona.

Kesho yake simu ililia.

“Bado nimekasirika,” alisema Redio.

“Sawa.”

Akakata. Siku iliyofuata alipiga tena kueleza kwamba asubuhi hasira ilipungua akadhani imekwisha, ila alipoanua nguo kwenye kamba akamkumbuka mama, ikarudi yote. Siku nyingine alisema amekifungua kile kitabu mpaka mwisho, na ukurasa wa arobaini neno moja limekosa herufi. Halihusiani na ugomvi, amesema tu. Bado amekasirika. Wembe hakujitetea wala hakumharakisha. Aliitikia, akasikiliza, akasema usiku mwema. Alikuwa amewaandikia wasichana wengi binti mwenye haki ya kubaki na hasira yake. Hakuona kwa nini mwanamume anyimwe.

Mama wa likizo ya uzazi alirudi kazini, na sura ya mwisho ikasomwa upya bila mpenzi wa mtu yeyote chumbani. Mkurugenzi alipiga simu mwenyewe kuuliza kama kila kitu ni sawa. Wembe alimfanya arudie swali mara mbili, kwa raha zake, ndipo akamjibu.

Simu za hasira ziliendelea. Shangazi, aliyekuwa akizisikiliza zote bila kualikwa, alisema jioni moja huku akipitisha uzi kwenye sindano kwamba amewahi kuachwa na wanaume kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyempigia kila siku kumtaarifu.

Wembe aliitazama simu. Tangu uzinduzi hakuwa amepiga yeye hata mara moja, kwa kuona hana haki. Akapiga. Upande wa pili bomba la maji lilikuwa wazi na sahani zinagongana.

“Sijakupigia leo,” alisema Redio. “Nilikuwa naosha vyombo kwanza.”

“Nimepiga mimi. Nataka tuoane.”

Bomba likafungwa. Shangazi naye akasimamisha cherehani, bila kujificha.

“Wembe,” alisema Redio, “mimi bado nimekasirika.”

“Najua,” alisema Wembe. “Njoo ukasirikie hapa.”